Hivi wanawake wenzangu, mnaamini kansa ya shingo ya kizazi inaletwa na nini?

Mama Nasra aliandika:

Habari zenu wadau. Nina swali refu kidogo naomba mnivumilie, na wenye uelewa mnijibu bila kunizungusha.

Nipo kwenye kikundi cha akina mama, tukikutana huwa tunachagua mada moja ya afya tunaijadili. Juzi ilikuwa zamu yangu nikachagua kansa ya shingo ya kizazi, maana kuna mwenzetu imemchukua na kwa kweli kipindi anaumwa watu walikuwa wanamnong'ona kuliko walivyokuwa wanaenda kumuona, kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Nikasema kabla sijafungua mdomo kila mtu aniambie yeye anaamini inaletwa na nini, hakuna kuchekana wala kukosoana.

Jamani nilichosikia. Mmoja anasema ni uchafu, mwanamke asiyejisafisha ndani, na wa pembeni yake akamjibu hapana ni hao wanaojisafisha kupita kiasi na kuweka madawa huko ndani. Wengine wakasema uzazi wa mpango, hasa sindano na lupu, kwamba damu isiyotoka inaganda inageuka uvimbe. Yupo aliyesema ni kutoa mimba, mwingine kulala na mume ukiwa kwenye hedhi, mwingine fangasi na yutiai za mara kwa mara zisizotibiwa. Mama mmoja mtu mzima akasema ni kurogwa, mtu anakufunga kizazi kinaoza. Mwingine akasema ni ya kurithi, kwao haipo kwahiyo yeye hana wasiwasi. Ila lililopata vichwa vingi vya kuitikia ni kwamba ni ugonjwa wa wanawake wanaotembea na wanaume wengi, na hapo ndo nikaona karibu kila mtu anatulia, kila mtu anamtoa mwenyewe kwenye hesabu, "mimi nina mume wangu mmoja, sijui mwingine".

Nikauliza nani ameshawahi kupima. Mikono ilikuwa michache sana.

Sasa naomba mnisaidie, kati ya hayo yote lipi kweli lipi sio, na huyu anayesema ana mume mmoja namuambiaje aelewe bila kuona nimemtukana au nimemtukania mume.

---

Nesi Zamu ya Usiku aliandika:

Mama Nasra hongera sana kwa kuanza na kusikiliza, sisi wahudumu mara nyingi tunaanza kuhubiri kabla hatujajua mtu amekuja na nini kichwani, matokeo yake anaitikia ndio ndio akitoka nje anabaki na imani yake ile ile.

Naanza na kisababishi chenyewe. Ni kirusi kinaitwa HPV, virusi vya papiloma. Karibu kansa zote za shingo ya kizazi ukizichunguza unakikuta humo. Vipo vya aina zaidi ya 200, vingi havina shida kubwa, vingine vinaleta masundosundo tu sehemu za siri (aina ya 6 na 11 hizo, na haziwi kansa), ila kuna kundi la kama aina 14 ndo hatari, na ndani ya hilo kundi aina ya 16 na ya 18 peke yake zinachangia kama asilimia 70 ya kansa hii dunia nzima. Kinaambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi sehemu za siri, hakipiti kwenye damu wala choo wala taulo kama watu wanavyofikiri, na ndo maana kondomu inapunguza lakini haifungi mlango wote, kwa sababu haifuniki ngozi yote.

Halafu sikiliza hii ambayo ndo ungeanza nayo kikundini. Karibu kila mtu anayefanya mapenzi anakutana na HPV wakati fulani maishani. Karibu kila mtu. Mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili na hujui hata kama kilikuja. Shida ni kwa wale wachache ambao kinang'ang'ania, kinakaa miaka, seli za shingo ya kizazi zinaanza kubadilika polepole, na kutoka hapo mpaka iwe kansa kwa mwanamke mwenye kinga nzuri inachukua kama miaka 15 mpaka 20. Muda wote huo hasikii kitu. Hamna maumivu, hamna harufu, hamna damu.

Kwahiyo mwenye mume mmoja yupo kwenye hesabu, tena sana. Kirusi anaweza kuwa alikipata na huyo huyo mume miaka hiyo wanaoana, na mume naye alikipata kabla hajamjua, mwanaume anakibeba bila dalili yoyote na hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima mwanaume. Hakuna daktari anayeweza kukwambia kilitoka kwa nani wala lini. Ukimuambia hivyo hujamtukana yeye wala mumewe.

Hayo mengine ntarudi nikishapata nafasi, ni mengi na mengine yana ukweli nusu.

---

Kidawa aliandika:

Mimi nachangia kama mtu aliyepitia. Sikuwa na kansa, nilikutwa na mabadiliko ya awali. Na nilikuwa naamini kitu ambacho sijakiona kwenye list ya Mama Nasra, kwamba kansa lazima iume. Yaani kichwani kwangu kansa ni maumivu, kwahiyo kama siumwi sina, na kwenda kupima wakati huumwi ni kutafuta ugonjwa.

Nilienda kwa sababu nyingine kabisa, dada aliyenihudumia akanishawishi nikiwa pale pale. Unalala, anaingiza kile kifaa cha kufungulia, anapaka asidi ile nyepesi inayofanana na siki, anasubiri kama dakika moja anaangalia. Sehemu yenye seli zilizobadilika inageuka nyeupe. Yangu ikageuka. Nilihisi dunia imesimama jamani, nikajua nimeshakufa, ila akanieleza vizuri kwamba hii bado sio kansa, ni kitu ambacho kikiachwa kinaweza kuja kuwa. Nikafanyiwa tiba mgando, wanagandisha ile sehemu kwa baridi kali, unasikia tumbo linanyonga kama la hedhi basi, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Majimaji yalitoka wiki kadhaa, na mapenzi unapumzika kama mwezi hivi mpaka pakauke.

Kinachoniumiza mpaka leo ni ndugu zangu wa kike. Niliwaeleza, wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini "kwani ulikuwa na nani?" Hiyo ndo ilikuwa swali la kwanza. Hakuna aliyeuliza wapi wanapima. Mama Nasra hiyo imani ya wanaume wengi naichukia kuliko ya uchawi, nasema kweli.

---

Mzee wa Hoja aliandika:

Dada zangu poleni na hongereni kwa mada, mimi ni mwanaume naomba kuuliza kwa nia njema. Tunaambiwa tusiseme ni ugonjwa wa wapenzi wengi, lakini hapo hapo mnasema kirusi kinaambukizwa kwa ngono. Sasa si ni kitu kile kile? Nimeshasikia pia kwamba masista wa kanisa hawaupati. Kama ni kweli basi hao akina mama kikundini hawajakosea sana.

---

Mwalimu Bahati aliandika:

@Mzee wa Hoja swali zuri na hilo la masista lina historia ya kweli. Mwaka 1842 daktari mmoja Muitaliano anaitwa Domenico Rigoni-Stern alipekua kumbukumbu za vifo vya mji wa Verona akaona kansa ya kizazi inaua wanawake walioolewa na wajane, kwa masista ni nadra sana. Alikuwa ameona kitu cha maana, kwamba kuna jambo linahusiana na kujamiiana.

Sasa angalia kilichofuata. Watu walijua kuna kitu, hawakujua ni kitu gani, na kwenye hilo pengo kila mtu akajaza lake. Madaktari wenyewe, na sio watu wa mtaani, walihangaika zaidi ya miaka 100. Kuna kipindi walilaumu uchafu unaojikusanya chini ya govi la mwanaume. Kipindi kingine, miaka ya 60 na 70, wakalaumu kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Mpaka Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walipokipata HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa kansa mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka uliofuata, na hapo mwanzoni hakueleweka vizuri na wenzake, ila 2008 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwahiyo mama anayesema leo ni uchafu au ni fangasi sio mjinga, anafikiri kama walivyokuwa wanafikiri wasomi muda sio mrefu, tofauti ni kwamba yeye jibu halijamfikia.

Turudi kwenye swali lako. Hapana, sio kitu kile kile. Kuwa na wapenzi wengi kunaongeza nafasi ya kukutana na kirusi, hiyo ni kweli hatuikatai. Lakini kirusi chenyewe kimeenea kiasi kwamba mtu mmoja tu anatosha. Sasa ukisema "ni ugonjwa wa wenye wapenzi wengi" unakuwa umechukua kitu kinachoongeza hatari ukakifanya ndo sababu, na wote ambao hawajioni hapo wanaenda kukaa wametulia. Na yule aliyepata unakuwa umemhukumu.

Mimi naona hapa ndo kiini cha mada yote. Imani ambayo haina ukweli kabisa ukimpa mtu maelezo mazuri mara nyingi anaiachia. Yenye ukweli nusu haitoki, kwa sababu kila ukiipinga mtu anakuonyesha ule upande wenye ukweli kama ulivyofanya wewe.

---

Mzee wa Hoja aliandika:

Nimekuelewa mwalimu, asante. Na sisi wanaume tunafanyaje, au tumeshamaliza kazi ya kuleta kirusi tunakaa pembeni.

---

Nesi Zamu ya Usiku aliandika:

Nimerudi. @Mzee wa Hoja mna kazi kubwa. Mpe mkeo nafasi ya kwenda kupima, usimuulize kwa nini anataka kupima kama vile amekiri kosa, na akirudi na majibu ya kwamba ana HPV usianze kesi nyumbani. Wanawake wengi wanaogopa majibu kwa sababu ya mume kuliko kwa sababu ya ugonjwa. Na usivute sigara, ya kwako wala yake, kemikali za tumbaku zimekutwa mpaka kwenye ute wa shingo ya kizazi, na mwanamke anayevuta hatari yake inaongezeka. Kutahiriwa kwa mwanaume kunapunguza kubeba HPV, hakuondoi, msije mkasema mume wangu katahiriwa basi.

Sasa yale ya kikundi.

Uchafu: hapana. Hakuna sabuni inayoosha kirusi kilichoshaingia kwenye seli. Ila yule mama wa pili aliyesema ni kuweka madawa ndani yupo karibu na jambo kuliko wa kwanza. Uke una bakteria wazuri wanaoulinda, ukimwaga sabuni, dawa za kubana, majani, poda, sijui nini, unawaua hao na unachubua ngozi laini ya ndani, na HPV kinapenda kuingilia kwenye michubuko midogo midogo. Kusema kwamba hivyo vitu ndo vinaleta kansa sitasema, ila havisafishi chochote na vinakupunguzia ulinzi. Nje osha kwa maji, ndani paache panajisafisha.

Kutoa mimba, kulala na mume kwenye hedhi, aina ya pedi au kitambaa, hayo hayasababishi. Fangasi na yutiai nazo hapana, zitibu kwa sababu zinasumbua lakini haziji kugeuka kansa. Kuna magonjwa ya zinaa kama klamidia ambayo yanaonekana kuendana na hatari kuongezeka, tena mengine hayana dalili, kwahiyo nayo yatibiwe na mwenzio atibiwe.

Kurithi: ukiwa na mama au dada aliyeugua hatari inaweza kuwa juu kidogo, lakini hii sio kama magonjwa yanayopita kwenye ukoo. "Kwetu haipo" sio kinga hata kidogo. Wengi wanaougua kwao ilikuwa haipo.

Kuzaa watoto wengi na kuanza mapenzi mdogo kunahusika, hamjalitaja. Msichana mdogo ile sehemu ambapo aina mbili za seli za shingo ya kizazi zinakutana inakuwa imejitokeza wazi zaidi na seli zake zinabadilika haraka, kirusi kikimkuta hapo kinapata mahali laini. Simsemi msichana vibaya, wengi hawakuchagua wenyewe kuanza mapema.

Uzazi wa mpango nauacha kwanza, naona mtu ataniuliza tu.

---

Tulia wa Mwisho aliandika:

Nakuuliza mimi nesi, shikamoo. Natumia vidonge huu mwaka wa saba na nimesoma mahali kwamba vinaleta hiyo kansa, toka hapo silali vizuri nataka kuacha leo leo. Mume hataki kondomu na mtoto mwingine siwezi kwa sasa. Nifanyeje?

---

Nesi Zamu ya Usiku aliandika:

Marahaba mdogo wangu. Usiache leo leo, subiri nikueleze.

Ni kweli tafiti zinaonyesha wanaotumia vidonge miaka 5 na kuendelea hatari ya kansa hii inaongezeka kiasi, na ukiacha inashuka taratibu. Lakini kidonge hakitengenezi kansa chenyewe, bila HPV hakuna kitu hapo, kinachoonekana ni kwamba homoni zinaweza kukisaidia kirusi kung'ang'ania. Na vidonge hivyo hivyo vinapunguza kansa ya mifuko ya mayai na kansa ya ukuta wa mji wa mimba, hii watu hawaisemi kabisa. Kitu kinachokufaa wewe ni kupima, sio kuacha kwa hofu ubebe mimba usiyojipangia. Ukikutwa uko salama unaendelea, na kama roho bado haijatulia kaa na mtoa huduma mjadili njia nyingine, lupu kwa mfano, ambayo akina mama wa kikundi wanaiogopa bure, tafiti zilizounganishwa pamoja zimeonyesha waliowahi kuweka lupu wanapata kansa hii kidogo kuliko wasioweka.

Na ile ya damu isiyotoka kuganda, damu haijifichi popote. Ukiwa kwenye sindano ukuta wa mji wa mimba unakuwa mwembamba kwahiyo hakuna kikubwa cha kutoka.

---

Amani ya Moyo aliandika:

Samahani naingilia. Mimi ninaishi na VVU na natumia dawa vizuri. Kliniki wanatusisitiza sana kupima hii kansa kuliko wengine mpaka kuna wenzangu wanaamini kwamba ARV ndo zinaleta. Na wengine wanaamini VVU vyenyewe vinageuka kansa. Mwenye maelezo.

---

Nesi Zamu ya Usiku aliandika:

Ahsante sana kwa kuuliza hapa wazi Amani, umewaulizia wengi. ARV hazileti, zinakulinda. VVU navyo havigeuki kansa, kinachotokea ni kwamba kinga ikishuka mwili unashindwa kukifukuza HPV, kinakaa, na mabadiliko yanakwenda haraka, pasipo matibabu inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10 badala ya ile 15 na 20 niliyosema juu. Mwanamke mwenye VVU ana hatari kama mara 6 ya asiye navyo. Ndo maana Shirika la Afya Duniani linasema wewe uanze kupima ukifika miaka 25 na urudie kila miaka 3 mpaka 5 kwa kipimo cha HPV, wakati mwanamke mwingine anaanza 30 na anarudia kila miaka 5 mpaka 10. Wakikuita njoo, hawakuonei.

---

Bi Mkubwa Salama aliandika:

Wanangu nawasalimu. Mimi nataka kuongelea yule mama aliyesema kurogwa maana naona mmempita haraka na hata nesi hajamgusa. Mtu mzima mwenzangu huyo. Ukimuona anasema kurogwa ujue ameona mtu anatoka damu na harufu, hospitali wamemrudisha wakasema imeshafika mbali, na hakuna aliyemweleza ilianzaje. Alikuwa mzima miaka yote afu ghafla anaoza, wewe ungesema nini? Huyo mama hajakosa akili, amekosa mtu wa kumwambia kwamba ugonjwa ulikuwa ndani miaka mingi umekaa kimya.

Kwahiyo msimcheke na msimwambie imani yake ni ya kishenzi, mkimwambia hivyo mmempoteza. Mwambieni mama omba dua zako usiache, na kesho twende wote tukapime. Nimewapeleka wawili kwa maneno hayo hayo, mmoja wao alikuwa anasubiri mganga arudi safari. Wote walishuka kitandani wakiniambia kumbe ni hivi tu, kwa nini hamkusema.

Na jingine, kuna wanaoamini kupima ndo kunaleta. Kwamba kile chuma kinachubua au kinavuta kizazi. Hilo mnalisemaje?

---

Kidawa aliandika:

Bi Mkubwa shikamoo, umesema maneno mazito. La chuma nilikuwa naliogopa mimi mwenyewe. Kifaa kinafungua njia tu ili aone, hakifiki kwenye mji wa mimba na hakivuti kitu. Unasikia kubanwa, haipendezi, ukijikaza inasumbua zaidi, ukipumua taratibu unamaliza kabla hujazoea. Na siku hizi kipo kipimo cha HPV ambacho unapewa kijiti chenye pamba au brashi laini unaingia chumba cha pembeni mwenyewe unajichukulia sampuli, hakuna wa kukuangalia, hicho nadhani kwa wenye aibu ndo mkombozi. Kinapatikana sehemu nyingine na sehemu nyingine bado, waulizeni.

---

Mwalimu Bahati aliandika:

Naongeza la chanjo kabla uzi haujazama, maana nalo limezungukwa na imani, kubwa ikiwa inafunga kizazi cha watoto wa kike. Haifungi. Chanjo ya HPV ilianza kutumika 2006, wasichana wa kwanza kuchanjwa sasa ni watu wazima wanazaa. Haina kirusi kizima, ni ganda tu la nje lililotengenezwa maabara, mwili unajifunza kulitambua. Inapewa kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14 kwa sababu inafanya kazi vizuri kabla hajakutana na kirusi, na sio kwamba inamruhusu aanze mambo. Toka 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba hata dozi moja inatosha kwa umri huo. Uingereza waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 kansa hii imepungua kwa asilimia 87 ukilinganisha na wale waliowatangulia kabla ya chanjo. Mimi wa kwangu amechanjwa na nilimsindikiza mwenyewe.

Ila jamani chanjo haitibu kirusi kilichoshaingia, na mama wa miaka 35 asiseme binti yangu kachanjwa basi nyumba ina kinga. Na aliyechanjwa naye akikua anapima, maana haizuii aina zote.

---

Mama Nasra aliandika:

Nimesoma yote mara mbili na nimeandika pembeni. Bi Mkubwa umenitoa machozi. Tukikutana tena naanza na hilo la miaka 15 ya kimya, na la kwamba karibu kila mtu anakutana na kirusi, hapo sidhani kama kuna atakayejitoa kwenye hesabu. Na Kidawa nikikuomba uje uongee nao utakuja? Nicheki inbox.

Nina moja limebaki, na hili sio la kikundi ni la nyumbani. Mama mkwe wangu ameshapita miaka 60, hedhi ilikata zamani. Miezi ya karibuni anatoka damu kidogo kidogo inapotea inarudi, na yeye anafurahi, anasema ujana umerudi mwili umejisafisha. Ameniambia mimi tu. Nimpeleke akapime kwa ile asidi?

---

Nesi Zamu ya Usiku aliandika:

Mama Nasra mpeleke wiki hii, usisubiri ikate tena. Damu baada ya hedhi kukoma hairudi kwa sababu ya ujana, hata ikiwa tone moja. Inaweza kuwa kitu kidogo kama ukavu wa uke, inaweza kuwa shingo ya kizazi, inaweza kuwa ukuta wa mji wa mimba, kwa kuongea hapa hatuwezi kujua.

Na kipimo cha asidi sio chake. Kwa umri huo ile sehemu tunayoiangalia inakuwa imerudi ndani haionekani vizuri, tena kile ni kwa ajili ya mtu asiye na dalili. Yeye ana dalili, anatakiwa aonwe na daktari wa magonjwa ya wanawake, aangaliwe kwa kifaa, apigwe altrasaundi, na wakiona pa kutilia shaka wakate kinyama kidogo kipelekwe maabara. Mkifika mapokezi usiseme "amekuja kuchekiwa kansa" watakupangia siku ya uchunguzi wa kawaida. Sema hivi: ana zaidi ya miaka 60, hedhi ilishakoma, anatoka damu ukeni. Waambie pia kama anasikia maumivu ya kiuno au mguu mmoja kuvimba, na wewe muulize mkiwa wawili kama ana majimaji yenye harufu, maana mbele ya daktari wa kiume hatasema. Ingia naye chumbani kama atakubali.